Kutu ya majani na chulebuni: upige dawa, ubebeshe au ung'oe mibuni ya zamani?

Mkulima wa arabika, awe Kilimanjaro, Mbinga, Kirinyaga au kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hukabiliwa na magonjwa mawili ya kuvu ambayo huamua kama kahawa yake itamlipa au itamwacha na deni la pembejeo. Wa kwanza ni kutu ya majani, na wa pili ni chulebuni, ambao wakulima wengi wa Kenya huuita CBD, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Coffee Berry Disease. Kwa kuwa yote mawili hufuata mvua na yote mawili hupigiwa dawa zenye shaba, watu huyachukulia kama tatizo moja, hununua dawa moja na huipiga kwa ratiba moja. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kabla mtu hajaamua kuongeza dawa, kubebesha aina mpya juu ya mashina ya zamani (yaani kuunganisha chipukizi lake likue hapo) au kung'oa na kupanda upya, anapaswa kujua ni upi kati ya magonjwa hayo unaomla zaidi, kwa sababu jibu la mmoja si jibu la mwingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Shamba lililo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari lichaguliwe aina ya mibuni kwa kutazama chulebuni kwanza, na kutu iwe hoja ya pili. Shamba lililo chini ya hapo bado linaweza kuendelea na mibuni ya zamani kwa awamu chache za dawa, ilimradi mibuni hiyo ipogolewe na ipewe mbolea ya kutosha.

Ugonjwa wa majani na ugonjwa wa matunda

Kutu ya majani husababishwa na kuvu aitwaye Hemileia vastatrix, ambaye huishi kwenye jani lililo hai la mbuni na hawezi kujilisha kwenye jani lililokufa. Dalili ya kwanza ni doa dogo la manjano iliyopauka, ambalo baada ya muda hutoa unga wa rangi ya machungwa upande wa chini wa jani. Ukipitisha kidole juu ya doa hilo, unga huo hubaki kidoleni, na hakuna ugonjwa mwingine wa kahawa katika mashamba yetu unaotoa alama hiyo. Sababu ya unga kuonekana chini ni kwamba jani la kahawa lina vinyweleo vya kupumulia upande wa chini peke yake, na kuvu huyu huingilia na kutokea humo. Jambo hili linaonekana kuwa la wanasayansi, lakini ndilo linaloeleza kwa nini mtu anaweza kupiga dawa msimu mzima na asipate kitu: aliyeelekeza bomba juu ya mbuni amelowesha upande ambao ugonjwa haupiti.

Doa moja linaweza kutoa chembe za uzazi laki tatu hadi nne katika muda wa miezi mitatu hadi mitano. Chembe hizo husafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua, lakini haziwezi kuota bila maji juu ya jani. Ndiyo maana kutu hupanda kwa kasi mvua zinapoendelea na majani yanapokaa mabichi usiku kucha.

Chulebuni ni ugonjwa wa matunda. Kuvu wake ni Colletotrichum kahawae, na uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 magharibi mwa Kenya. Mpaka leo ugonjwa huu umebaki Afrika, ilhali kutu imekwishaenea karibu kila nchi inayolima arabika. Hushambulia maua na matunda ya rika zote, lakini hatari kubwa zaidi ni pale tunda la kijani linapokuwa linatanuka, kuanzia wiki ya 4 hivi hadi ya 14 baada ya maua kuchanua. Doa jeusi lililobonyea huanza upande mmoja wa tunda, hutanuka haraka wakati wa baridi na mvua, na huharibu buni zote mbili zilizo ndani. Tunda huanguka, au hukauka na kubaki likining'inia tawini likiwa jeusi, na hapo huwa ghala la ugonjwa kwa maua yajayo. Kuvu huyu hujihifadhi pia kwenye magome ya matawi machanga, kwa hiyo kuokota matunda yaliyoanguka chini ni kazi nzuri lakini haiumalizi ugonjwa.

Kuna sura ya pili ya chulebuni ambayo huwapa watu faraja isiyo na msingi. Ni doa lililopauka, kama kigaga, ambalo halizami ndani ya tunda na mara nyingi halidhuru buni. Mkulima huliona na kudhani ugonjwa umekwisha. Kigaga hicho kinaweza kutulia hadi tunda linapokaribia kuiva, kisha kikaamka upya. Matunda ya namna hiyo hata yakivunwa husumbua mashine ya kumenya, kwa sababu ganda hung'ang'ania buni na kahawa inayotoka hushuka daraja.

Mwenye shaka na afanye hivi: akiona majani yanapukutika huku matunda yakiwa safi, afikirie kutu; akiona majani ni mazito na ya kijani lakini matunda machanga yanageuka meusi, afikirie chulebuni. Yapo matatizo mengine yanayofanana na haya. Madoa ya kahawia yenye kitovu cha kijivu na ukingo wa manjano, kwenye majani na wakati mwingine kwenye matunda, huletwa na kuvu wa jenasi ya Cercospora, na huwapata hasa mibuni yenye njaa ya naitrojeni na miche ya kitaluni iliyokosa kivuli. Huyo huondolewa kwa mbolea na kivuli kuliko kwa dawa. Matawi yaliyobeba kupita kiasi nayo hukauka kuanzia ncha, na matunda yake huwa meusi pasipo chulebuni yoyote. Kupiga dawa ya kuvu kwenye tawi lililochoka ni kutupa fedha.

Hasara ya mwaka huu na hasara ya mwaka ujao

Tofauti ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote haimo kwenye rangi za madoa. Chulebuni huchukua mavuno ya msimu huu. Matunda yaliyokufa mwezi wa tano hayatavunwa, na katika mwaka wa baridi na mvua nyingi shamba lenye aina dhaifu lisilopigwa dawa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mazao yake, na hata kufikia asilimia 80. Mbuni wenyewe hubaki na afya nzuri. Wala si ajabu shamba lililokumbwa sana na chulebuni likapendeza kwa macho, kwa kuwa mti usio na mzigo wa matunda huota majani mengi.

Kutu hufanya kinyume chake. Haigusi tunda, na mwaka inapoanza mkulima anaweza kuvuna vizuri tu. Hata hivyo arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na mti uliopukutika majani hauwezi kukuza matawi hayo. Mavuno yanayoanguka ni ya mwaka ujao. Zaidi ya hayo, kutu huwa kali zaidi kwenye mti uliobeba sana, hivyo mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa majani machache, matawi yaliyokufa na mavuno haba. Mkulima anayehesabu hasara kwa kutazama gunia la msimu huu peke yake ataidharau kutu siku zote.

Hili lina maana ya moja kwa moja kwa anayechagua mahali pa kuweka fedha chache alizonazo. Kuahirisha dawa ya chulebuni kwa mwezi mmoja wakati matunda yanatanuka ni kupoteza kitu kisichorudi. Kuahirisha dawa ya kutu ni kosa pia, lakini kosa hilo linaweza kupunguzwa kwa mbolea, kupunguza maotea (machipukizi yanayoota kwenye shina) na kupogoa baada ya mavuno, ili mti urudishe majani yake kabla ya maua yanayofuata.

Mwinuko

Kutu hupenda joto la wastani, takriban nyuzi 21 hadi 25 za selsiasi, na chulebuni hupenda ubaridi wenye unyevu. Kwa hiyo mashamba ya chini huwa ya kutu, na mashamba ya juu, yenye ukungu wa asubuhi na mawingu yanayokaa hadi mchana, huwa ya chulebuni. Mstari wa mita 1,500 nilioutaja hapo juu si ukuta. Katikati kuna ukanda mpana ambao hupata yote mawili, na kadiri joto linavyoongezeka kutu imekuwa ikionekana katika mashamba ya juu ambayo zamani haikuyasumbua sana. Bonde lenye maji yaliyotuama au kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye migomba iliyosongamana kinaweza kuwa na hali ya hewa tofauti na shamba la jirani lililo wazi, ingawa mwinuko ni mmoja. Kwa sababu hiyo nashauri kumbukumbu za shamba lenyewe zipewe uzito kuliko ramani.

Dawa: inafaa nani, na kwa masharti gani

Dawa zenye shaba, kama vile kopa oksikloridi, kopa haidroksidi na oksidi ya shaba, hutumika kwa magonjwa yote mawili, na bei yake ni nafuu ukilinganisha na nyingine. Hufanya kazi ya kinga: hukaa juu ya jani au tunda na kuua chembe za kuvu zinapotaka kuota. Hazimtoi kuvu aliyekwisha kuingia. Dhidi ya kutu, awamu chache zilizoanza kabla ya mvua na kufika vizuri chini ya majani hutosha katika mashamba mengi, na shaba ina faida ya ziada ya kuufanya mti ushike majani yake muda mrefu zaidi. Mahali ambapo kutu imekwisha kuingia, dawa zinazopenya ndani ya jani, za kundi la triazoli, zina nguvu zaidi. Zitumike kwa kupokezana na shaba, kwa sababu kuvu huzoea dawa inayorudiwa peke yake.

Chulebuni haimsamehi mpigaji dawa mzembe. Tunda linatanuka kila siku, kwa hiyo ngozi mpya isiyo na dawa hutokeza kila wiki, na mvua inaosha dawa ya zamani. Ratiba ya kawaida ni kila baada ya wiki tatu hadi nne, kuanzia kabla ya mvua hadi matunda yamekomaa na kuwa magumu, na kwa mwaka mzima awamu sita hadi nane si jambo geni katika mashamba ya juu nchini Kenya. Humo humo Kenya, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kudhibiti magonjwa kwa dawa hufikia karibu asilimia 30 ya gharama za uzalishaji. Kwa mwenye ekari moja ya mibuni mirefu, anayekodi bomba na kununua maji wakati wa uhaba, hesabu hiyo ni ngumu sana kukubalika.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wa pembejeo hawalisemi. Watafiti nchini Kenya waliona tangu miaka ya 1960 kwamba shamba lililopigwa dawa mara chache mwanzoni kisha likaachwa linaweza kupata chulebuni kali kuliko shamba ambalo halikupigwa kabisa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba dawa huua pia vijidudu vinavyoishi kwenye magome na kumzuia kuvu huyo kwa njia ya asili. Dawa ikisita, kuvu hurudi na kuukuta uwanja mtupu. Asiyeweza kumaliza ratiba, basi, heri asiianze, na badala yake aweke fedha hizo kwenye miche au kazi ya kubebesha.

Wanaouza Ulaya wana sharti jingine. Klorothalonili, dawa iliyotumika sana dhidi ya chulebuni, ilinyimwa kibali kipya katika Umoja wa Ulaya mwaka 2019, na kahawa yenye mabaki yake inaweza kukataliwa sokoni. Shaba nayo haiozi: hujilimbikiza udongoni, na katika mashamba ya Kilimanjaro yaliyopigwa mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miongo mingi viwango vyake vimeonekana kuwa juu. Hoja hizi hazimaanishi kwamba dawa ni mbaya. Zinamaanisha kwamba gharama yake haiishii kwenye risiti ya duka.

Kubadilisha mibuni

Mibuni ya zamani ya Afrika Mashariki ilitoka kwenye mbegu chache zilizofanana sana kwa nasaba, na ndiyo sababu magonjwa haya yaliikuta haina kinga. SL28, iliyochaguliwa katika maabara za Scott karibu na Nairobi katika miaka ya 1930, huvumilia ukame na ladha yake inasifiwa duniani, lakini hudhurika na kutu na chulebuni vile vile. SL34 hupenda mashamba ya juu yenye mvua nyingi, nayo hudhurika na yote mawili. K7 ina ukinzani wa kiasi, na inafaa zaidi mashamba ya chini. N39 na KP423 ndizo zilizojaa kwenye vihamba vingi vya Tanzania, nazo pia hudhurika na yote mawili.

Aina mpya zilitafutwa kwa kuchanganya damu. Ukinzani dhidi ya kutu umetoka zaidi kwenye chotara wa Timor, mbuni uliopata damu ya robusta bila mkono wa mtu, na ukinzani dhidi ya chulebuni umetoka huko huko pamoja na kwenye kahawa ya Rume iliyotoka eneo ambalo sasa ni Sudani Kusini. Ruiru 11 ilitolewa Kenya mwaka 1985, baada ya chulebuni kuharibu vibaya mazao ya mwaka 1968. Ni fupi, hupandwa miche 2,500 kwa hekta badala ya takriban 1,330 ya SL28, na hukinza magonjwa yote mawili. Dosari zake ni mbili: mizizi yake haiendi chini sana, hivyo huteseka kwenye ukame isipobebeshwa juu ya shina la SL28, na wanunuzi wa kahawa maalumu wamekuwa wakiiona kuwa nyuma kidogo kwa ladha. Batian ilitolewa mwaka 2010, imeitwa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, ni ndefu kama SL, huanza kuzaa mwaka wa pili, na kikombe chake kinaikaribia SL28. Kwa mwenye shamba la juu nchini Kenya anayepanda upya leo, mimi ningechagua Batian mahali penye nafasi, na Ruiru 11 kwenye eneo dogo ambalo kila hatua ya ardhi inahesabiwa.

Nchini Tanzania, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, ilianza kutoa aina chotara mwaka 2005, na baadaye zikafuata aina fupi. Chotara hizo zimetokana kwa sehemu na N39 na KP423 zenyewe, ili ladha ya asili isipotee, na zinakinza kutu na chulebuni pamoja. Huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya matawi machanga, kutoka bustani mama, kwa sababu mbegu ya chotara haitoi watoto wanaofanana na mzazi. Upatikanaji wa miche ndio kikwazo chake kikubwa, na anayeitaka apange na chama chake cha ushirika msimu mmoja mapema.

Ukinzani nao haulingani kwa magonjwa haya mawili. Kuvu wa kutu ana makabila zaidi ya 50 yanayojulikana, na huzaa mengine. Nchini Honduras, aina ya Lempira iliyopandwa kwa wingi kwa sababu ya kukinza kutu ilitangazwa mwaka 2017 kuwa imeanza kushambuliwa. Ukinzani dhidi ya chulebuni umedumu vizuri zaidi. Kwa hiyo anayebadilisha mibuni kwa ajili ya chulebuni ananunua kinga ya muda mrefu, na anayebadilisha kwa ajili ya kutu aendelee kukagua majani, hata kama muuza miche amemwambia apumzike.

Kati ya kubebesha na kung'oa

Kung'oa kunafaa pale tu mibuni imezeeka, nafasi zake zimeharibika au mizizi ina matatizo. Miche mipya itakaa miaka miwili hadi mitatu bila mapato ya maana, na mwenye ada za shule za kulipa hawezi kuling'oa shamba lote kwa mara moja. Kukata mashina na kubebesha aina mpya juu ya maotea hurudisha mavuno mapema zaidi, kwa kuwa mizizi ipo na imezama, na kwa Ruiru 11 njia hiyo hutibu pia udhaifu wake wa ukame. Inahitaji fundi mwenye mkono mwepesi na ufuatiliaji wa miezi michache, kwa sababu maotea ya shina la chini yakiachwa yatakipita kikonyo na mkulima atajikuta anahudumia SL28 ile ile. Gawio la robo ya shamba kwa mwaka, likianzia sehemu yenye unyevu mwingi, ni mwendo ambao familia nyingi zinaweza kuubeba.

Mwenye mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa sababu ya SL28 asiondoe yote. Abakize kipande chenye jua na hewa, akipogoe kwa nguvu, na akipigie dawa kwa ratiba kamili. Fedha ya dawa iliyokuwa ikisambazwa shamba zima itatosha hapo. Sehemu iliyobaki ibadilishwe. Na atakayechukua mbegu kwa jirani akumbuke kwamba Batian hurudi kama ilivyo, lakini mbegu iliyookotwa chini ya Ruiru 11 huota miti ya kila namna, mingine fupi na mingine mirefu, mingine ikiwa haina kinga yoyote dhidi ya chulebuni, na tofauti hiyo haionekani kitaluni bali pale matunda ya kwanza yanapotanuka mvua zikiwa zimekolea.